Nyapara na Maziwa ya Mashine

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona lori limetumbukia Mto Themi likapinduka, na dereva akapanda ukingoni kofia yake ikiwa kavu. Nimemwona mzungu mwenye bunduki mbili akipanda juu ya boneti kwa kuogopa bata mzinga. Nilishuka kutoka kwetu, mteremkoni juu ya Tengeru, nikiwa na darasa la pili na shati moja, nikaosha magari ya watu, nikapaka grisi, nikashikishwa spana, mpaka nikawa na karakana yangu mwenyewe mjini Arusha. Wakati huo Mwingereza bado anatawala, na Mwafrika mwenye karakana alikuwa kitu cha watu kusimama barabarani wakaangalia. Mtu akiniambia, "Leo utashangaa," namjibu, "Jaribu."

Aliyejaribu akafaulu ni Nyapara, na wala hakujua kwamba anajaribu.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Zamani aliwahi kusimamia vibarua wa barabara, na unyapara ulipokwisha jina halikutoka. Hata mkewe alimwita Nyapara. Alikuwa Mwarusha wa Sokon, mrefu, mkavu, anavaa ovaroli ya buluu na juu yake blanketi, jua liwake lisiwake. Masikio yake yalikuwa yametogwa na kuvutwa tangu ujana, kama ya watu wa rika lake, ndewe zinaning'inia karibu na shingo. Kabla ya kuwasha mashine alizikunja, moja, halafu ya pili, akazipachika juu ya masikio ili zisije zikanaswa na chuma kinachozunguka. Alizikunja taratibu kama mtu anavyokunja mikono ya shati. Sisi tukiona ndewe zimepanda tunajua kazi imeanza na hakuna kumsemesha. Ndewe zikishuka, ni chai.

Nilimpata pamoja na mashine. Mashine ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga karakana yake arudi kwao. Ilikuwa mashine ya milingi, ile yenye meza ya chuma inayokwenda na kurudi, na juu ya meza kisu cha mviringo chenye meno, kinazunguka na kuchonga chuma mpaka chuma kinakuwa gia. Mwafrika mwenye mashine ya namna ile Arusha nzima alikuwa mimi. Wa pili simjui, na kama yupo ajitokeze. Mhindi aliniambia, "Mashine hii, ukimwacha huyu mzee, umenunua chuma chakavu." Basi nikamchukua, kama mtu anavyonunua ng'ombe akapewa na kamba yake.

Mhindi akaniambia na neno jingine, kwamba kwake ile mashine haikuwahi kumsumbua. Nilikuja kumwita mwongo kwa neno hilo, nikamwita mwongo mara nyingi, mbele ya watu, naye yuko ng'ambo ya bahari hanisikii.

Lazima nieleze hapa, maana bila hili hutamwelewa Nyapara. Kisu kikichonga chuma kinapata moto. Kikizidi moto kinageuka rangi, kinakuwa cha samawati, na kisu kilichogeuka samawati kimekufa, kitupe. Kwa hiyo chini ya mashine kuna tangi, na ndani ya tangi maji yaliyochanganywa na mafuta yake maalumu. Pampu inayavuta, yanapita kwenye chujio, yanapanda bomba jembamba, yanamwagikia kisu na kukipoza, halafu yanarudi tangini. Yakishachanganywa yanakuwa meupe pe. Mhindi aliyaita kwa jina la Kizungu la kuvunja ulimi. Mimi, siku ya kwanza tu nilipoyaona yakitoka kwenye bomba, nikasema, "Haya ni maziwa." Jina likashika siku hiyohiyo. Karakana yangu yote ikasema maziwa, na baadaye nikasikia hata mafundi wa karakana za wengine wanasema maziwa. Jina lile nimelitoa mimi, asikudanganye mtu.

Nyapara alilipokea kuliko wote. Kuanzia hapo mashine ikawa ng'ombe. Ncha ya bomba, pale maziwa yanapotokea, akaiita chuchu. Akifika asubuhi anaipiga mashine ubavuni kwa kiganja, pa, pa, na kuiamkia kwa Kimaasai. Halafu ananigeukia.

"Ero," ananiambia, yaani wewe kijana, na ninayemlipa mshahara ni mimi, "ng'ombe wako amelala vizuri."

"Asante, Mzee. Na kazi ya jana?"

"Kazi ya jana ilikuwa ya jana."

Akiwa na hasira nami hakuniita ero. Aliniita Tajiri. Nikisikia Tajiri najua nimekosea, ila sitaambiwa nimekosea nini.

Alikuwa na maneno yake. "Chuma hakina haraka, mwenye haraka ni mwenye chuma." Hilo nililisikia mpaka nikalichukia. Siku moja alikuja mzungu wa shamba la Nduruma na ekseli iliyovunjika, uso umemwiva, anataka ichongewe mfereji wa kabari saa ileile. Mimi nimeshasema ndiyo, Bwana. Nyapara amekaa juu ya debe, ndewe chini.

"Mwambie Bwana," akasema, "ng'ombe anacheua."

"Anasemaje?" mzungu akauliza.

Mimi nifanyeje? Nikasema mashine inapumzika. Mzungu akachukua ekseli yake akaenda kwa Mgiriki mmoja mwenye karakana, na hakurudi tena kwangu maisha yake. Nilipomkaripia, Nyapara aliniangalia kwa huruma.

"Tajiri, kisu kilikuwa bado cha moto. Ulitaka nikikamue?"

Na kisu kilikuwa cha moto kweli. Hiyo ndiyo taabu ya mzee yule. Angekuwa mjinga ningemfukuza mapema nikapumua. Mikono yake ilikuwa inajua. Alipokuwa anagawa meno ya gia kwa ile sahani ya chuma yenye matundu ya kuhesabia, anasogeza, anafunga, anachonga, anasogeza tena, midomo inacheza kidogo kama anayesali, na jino la mwisho linakutana na la kwanza kama mlango unavyokutana na fremu. Sijawahi kuona gia yake yenye kasoro. Nimetafuta.

Usafi wake ulikuwa ugonjwa. Alinawa mikono kwa majivu mpaka viwiko kabla ya kugusa mashine. Hakuna kutema mate karibu nayo. Mchomeleaji wangu, Mchaga mmoja mwenye mdomo usiofungwa, aliwahi kutupa kishungi cha sigara ndani ya tangi. Nyapara alimnyima salamu kwa muda mrefu. Mchomeleaji kila asubuhi, "Shikamoo, Mzee," na Nyapara anaangalia ukutani kama ukuta ndio uliosalimia. Ilibidi Mchaga yule alete ndizi mkungu mzima.

Halafu mtu huyohuyo alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, anayehubiri dhidi ya pombe mpaka jasho linamtoka. Lakini ukiwa na kesi na jirani, wa kwanza kukuambia ulete asali ipikwe pombe ya kupatana alikuwa yeye. Mchomeleaji alimwuliza siku moja, tunakunywa chai, "Sasa Nyapara, ile pombe ya kesi haikupeleki motoni?"

"Pombe ya kunywa ni dhambi," akajibu. "Pombe ya kupatana ni kazi. Hunioni ninavyokunja uso nikiinywa?"

Huyo ndiye Nyapara. Sasa nije kwenye kuziba.

Ile mashine ilikuwa inaziba. Nasema inaziba, uelewe. Tunatia maziwa mapya, meupe, yananukia mafuta safi. Wiki haijaisha yameanza kunuka. Kwanza harufu ya soksi, halafu yai viza, halafu harufu ambayo sina mfano wake na nimekulia zizini. Juu yanafanya utando. Chini yanafanya ute mzito, unashikana na chenga za chuma, unajaza chujio, unapanda bombani, na maziwa yanatoka tone, tone, halafu hayatoki. Na kisu kinazunguka pale kikavu, kinalia. Ukikisikia kisu kinalia unakimbia, hata kama ulikuwa unaongea na Bwana Mkubwa mwenyewe.

Kuzibua ilikuwa kazi yangu. Nilijifundisha mwenyewe, hakuna aliyenionyesha. Nafunga pampu, nalala chali chini ya mashine, nafungua bomba, na yale yaliyoganda ndani yananishukia usoni. Napitisha waya. Waya ukikataa napuliza kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo, mimi mwenye karakana. Natoa chujio, nalipiga chini, nalisugua kwa brashi na mafuta ya taa. Nafungua pampu, natoa ute kwa kidole kati ya mabawa yake. Nachota tangi kwa kopo mpaka linakauka, chenga zinanikata mikono. Nafunga kila kitu. Tunatia maziwa mapya. Nanawa, na mke wangu nyumbani ananiambia nilale upande wa dirishani.

Na wiki haijaisha, yananuka.

Nilibadilisha maji. Nikasema labda maji ya bomba ya mjini yana chumvi, nikaleta maji ya mtoni kwa punda. Yakaoza. Nikaleta maji ya chemchemi kutoka kwetu mlimani, maji ambayo babu yangu alikunywa mpaka akasahau umri wake. Yakaoza. Nikamtukana mwuza mafuta, nikabadilisha duka. Nikatokosa maji, nikaosha tangi kwa magadi mpaka likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Yakaoza, na upesi zaidi. Na katika chujio nilikuwa naona kitu kingine, chembe nyeusi, ndogondogo kama masizi. Nikamgeukia mchomeleaji na tanuri lake la makaa.

"Makaa yako yanaingia kwenye maziwa yangu!"

"Makaa yangu yana miguu?" akaniuliza. "Mimi niko kule, mashine iko hapa, na upepo unakwenda Moshi."

Nikamjengea ukuta wa mabati. Chembe zikaendelea.

Na Nyapara wakati wote huo? Nyapara anakaa juu ya debe lake akinitazama ninavyofurukuta chini ya mashine, anatikisa kichwa.

"Pole, ero. Maziwa ya mjini hayana adabu."

"Mzee, wewe unaona nini hasa?"

"Naona ng'ombe anapata shida kuzoea."

"Kuzoea nini? Amekuwa hapa miaka!"

"Ndiyo maana nasema anapata shida."

Nenda ukapige kichwa ukutani.

Sasa ikafika msimu wa kahawa. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkubwa wa wakulima wa upande wetu, na walikuwa na mashine yao moja ya kumenya kahawa, waliyoichangia kaya kwa kaya. Siku moja akaingia karakanani amebeba kitu kimefungwa kwa majani ya migomba. Akakifungua mezani. Gia, imevunjika meno.

"Mpwa wangu," akasema, "kahawa imeiva mlima mzima. Ikichumwa ikalala na ganda lake inachacha. Nimewaambia wazee, msihangaike na Wahindi, mtoto wetu ana mashine."

Nikavimba, sifichi. Tangu nilipoondoka na shati moja nilikuwa nangoja siku wazee wale waseme maneno yale. "Mjomba, kaa hapo," nikamwambia. "Utaondoka nayo."

Tangi nilikuwa nimeliosha juzi yake tu, kwa maji ya moto, maziwa mapya kabisa. Kisu kilikuwa kimoja cha saizi ile, na cha kufanana nacho hakipo mpaka Nairobi. Nyapara akafunga chuma mezani. Akakunja ndewe, moja, na ya pili. Akaanza.

Ilikuwa raha kumtazama. Jino, jino, jino. Maziwa yanamwagika, moshi hakuna, mjomba anatikisa kichwa kwa furaha kama anasikiliza kwaya. Tukafika katikati. Mchomeleaji akaja kunionyesha geti la mtu, nikatoka naye nje kidogo, na huko nje nikakisikia kisu kinalia.

Nilipofika, chuchu haitoi hata tone. Nyapara anavuta mpini kurudisha meza, lakini kisu kimeshaota rangi. Samawati, kama shingo ya kanga. Kisu kimekufa na gia imeraruka. Mjomba amesimama na yale majani ya migomba mkononi.

Nikalichomoa chujio. Limejaa ute. Siku tatu, na limejaa ute! Na zile chembe nyeusi, na safari hii nikalileta puani kabisa, na chini ya uvundo nikasikia harufu nyingine. Harufu ya moshi. Si moshi wa makaa ya mchomeleaji. Ni moshi mtamu, ninaoujua tangu utoto, wa kile kijinga cha mti wa porini, wa oloirieni, ambacho mama wa kifugaji anakisokota ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa.

Nikaifuata ile harufu kama mbwa. Ilinipeleka stoo, nyuma ya mlango, kwenye msumari ambao blanketi la Nyapara lilining'inia kila siku. Nikaliinua blanketi. Chini yake kibuyu, kimepambwa kwa shanga, kina kifuniko cha ngozi. Nikakifungua. Nikarudisha uso.

Nikatoka nacho nje, mbele yao wote.

"Nyapara! Hiki nini?"

Ndewe zake zilikuwa bado juu. Aliangalia kibuyu, akaangalia mlango, akamwangalia mchomeleaji, halafu chini. Hakudanganya. Hilo nampa.

"Mbegu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mbegu ya nini?"

"Ya maziwa, Tajiri. Maziwa mapya hayajui njia. Unabakiza kidogo ya zamani, unayatia, yanayafundisha. Bila mbegu yanaharibika. Kila ukiyamwaga mimi naokoa kidogo. Asubuhi nakuja mapema, nayatilia."

Nilishangaa. Mimi, nisiyeshangazwa! Kumbe kila nilipolala chali nikamezeshwa ule uchafu, nikachota, nikasugua, nikatokosa, mtu alikuwa ameokoa uozo wenyewe na kuutia upya kwa mkono wake uliooshwa kwa majivu. Alikuwa anagandisha maziwa! Mashine yangu alikuwa ameigeuza kibuyu cha mtindi!

Mchomeleaji ndiye aliyeharibu kabisa. Akapasuka kicheko, akashika ukuta. "Jamani! Kumbe Nyapara ni mama wa nyumba! Anafukiza kibuyu! Anagandisha! Mzee, na kuku umeshafungia?"

Maana kwa watu wake, na kwetu pia karibu sawa, kibuyu cha maziwa ni cha mwanamke. Mwanamume hafukizi, hatii mbegu, hata kuulizia haulizii. Mjomba, ambaye anajua, alishusha macho. Mimi niliona kisu cha samawati tu. Nikakimwaga kibuyu chini, pale mavumbini, mbele ya miguu yake, glu glu glu mpaka tone la mwisho, halafu nikakitupa. Kikagonga jiwe kikapasuka, shanga zikatawanyika.

Hakuna aliyecheka tena, hata Mchaga.

Nyapara akanyoosha mkono akashusha ndewe, moja. Akashusha ya pili. Safari hii haikuwa chai. Akaingia stoo, akachukua blanketi lake, akaipiga mashine ubavuni kwa kiganja, pa, pa, akaenda zake.

Nikaagiza kisu Nairobi. Kikaja na lori. Nikaosha tangi kwa mara ya mwisho, nikatia maziwa, na nataka hili lisikike vizuri: hayakuziba. Hayakunuka. Chujio safi, bomba safi, chuchu inamwaga kama mvua ya masika. Nilikuwa na haki. Nikamwita kila mtu aje anuse. "Nusa," nawaambia. Wananusa. "Unasikia nini?" "Hatusikii kitu." "Ehee!"

Basi nikasimama mwenyewe kwenye mashine. Gia ya mjomba nitaichonga mimi, nimemtazama yule mzee miaka yote, kuna nini? Nikasogeza ile sahani ya matundu, nikafunga, nikachonga. Maziwa yananyesha. Meno yanatoka mazuri. Nikazunguka mpaka mwisho, na pale mwisho, kati ya jino la mwisho na la kwanza, nafasi iliyobaki ni ya nusu jino.

Nikachonga nyingine. Hiyo ikabaki na jino moja nene kama la kiboko.

Mjomba akazishika zote mbili, akazigeuza kwenye mwanga. "Hii ina pengo," akasema. "Na hii inaumwa taya." Hakucheka. Kule mlimani walikuwa wanamenya kahawa kwa mashine ndogo ya mkono ya kuazima, kwa zamu, kina mama wanazungusha mpaka mabega yanavimba, na zamu ambayo haijafika kahawa yake inachacha kwenye debe. Pale Tengeru siku ya soko harufu ilikuwa inafika barabarani. "Wazee wananiuliza, mpwa wangu, kama kweli una mashine au una picha ya mashine."

Mhindi aliyekuwa na mashine nimeshasema alikuwa amerudi kwao. Mgiriki alikuwa anahudumia mashamba ya wazungu kwanza. Ilibaki mikono miwili tu mjini ya kutuchongea gia ile, na mikono yenyewe iko Sokon imekasirika.

Nikaenda Sokon. Kwa miguu, nisionekane najivuna na baiskeli.

Nilimkuta mlangoni pa zizi anatia bawaba mpya. Ndewe chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Tajiri." Hakuinua kichwa. "Ng'ombe wako hajambo?"

"Hajambo sana. Tangu uondoke hajaziba hata siku moja." Nilikuwa nimelipanga neno hilo njia nzima.

"Vizuri. Na gia?"

Kuku wakapita. Nikawahesabu.

"Basi kaa," akasema.

Mkewe, mama mnene mwenye macho ya kucheka, akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, akanimiminia kwenye kikombe cha bati. Nikanywa. Mazito, baridi, na ule moshi kwa mbali. Sijapata kunywa maziwa kama yale kwa mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nikarudisha kikombe kitupu kabla sijajua nimekirudisha.

"Mbegu ya hayo," Nyapara akasema, "mama yangu alikuja nayo alipoolewa. Alipozeeka hana binti, mimi ndiye niliyekuwa namshikia kibuyu, mlango umefungwa, watu wasione. Nilijua kufukiza kabla sijajua kushika mkuki. Jambo hilo mke wangu analijua, na mimi, basi. Sasa linajulikana na Mchaga."

"Mzee, mimi sikujua. Lakini yale ya mashine si maziwa! Ni mafuta na maji! Ukiyatia ya zamani yanaoza, umeona mwenyewe!"

Sasa akainua kichwa.

"Nani alisema ni maziwa?"

Nikafungua mdomo.

"Kwa Mhindi nilifanya kazi miaka," akasema. "Aliyaita kwa jina lake la Kizungu. Sikuwahi kuyatilia mbegu. Ningetia mbegu kitu cha Kizungu? Hakikuziba. Ukaja wewe, tajiri, mwenye mashine, ukasimama pale ukasema, haya ni maziwa. Nikasema moyoni, huyu ni mkubwa wa kazi, anajua. Kama ni maziwa, basi hapa hakuna anayejua kuyatunza isipokuwa mimi. Nikameza aibu, nikakifukiza kibuyu cha mama yangu kwa ajili ya ng'ombe wako."

Kibuyu cha mama yake. Nilichokitupa ni hicho.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kile kikombe cha bati mkononi. Na lile jina ni langu. Nililisema mimi, nikalidai mimi, mji mzima.

"Sasa tufanyeje, Mzee?" nikauliza.

"Wewe ni Mmeru, unajua. Umemwaga maziwa ya mtu mzima mbele ya watu." Akarudi kwenye bawaba yake, akagonga msumari. "Kondoo mnono. Asali ya pombe, na mchomeleaji aje ainywe hapa, ashuhudie, asicheke. Na kibuyu."

"Mzee, kibuyu kurudi kwenye mashine sikubali. Hata ukinichinja mimi badala ya kondoo."

"Nani kasema kitiwe kitu? Kitaning'inia kwenye msumari wake kitupu. Na yale maji yako ya mafuta utayatafutia jina jingine."

Tulikunywa. Yeye alikunja uso kila alipokunywa, kama alivyosema. Mchomeleaji alikaa amekunja mikono kama yuko kanisani, macho yamemtoka kwa kuzuia kicheko. Jumatatu Nyapara akaingia karakanani, pa, pa, akatundika kibuyu kipya, akakunja ndewe. Kabla jua halijasimama kichwani gia ilikuwa mezani, jino la mwisho limekutana na la kwanza, na mjomba akaondoka nayo mbio kuelekea mlimani bila hata kuifunga majani.

Jina jingine nililitafuta. Nikasema yaitwe maji ya kisu, nikapiga marufuku lile la kwanza. Hakuna aliyenifuata. Mpaka leo ukipita kwenye karakana za Arusha utasikia mtu anapiga kelele, maziwa yamekwisha, ongeza maziwa, na mwenyewe hajui nani aliyelitoa neno hilo, nami sijitokezi tena kumwambia.

Lakini nilikuwa na haki, na bado ninayo: maziwa ya mashine hayatiwi mbegu. Haki hiyo, ukihesabu kisu cha Nairobi, vyuma nilivyoharibu, kondoo, asali na kibuyu, ilinigharimu shilingi mia mbili kumi na nane na senti themanini.